Kabla vidole havijaanza kutembea: kumpata mtaalamu wa kiwewe Uganda, na jinsi tiba ya kutembeza macho inavyofanyika

Kazi yangu ni ukalimani. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kiti cha tatu, kati ya mgonjwa anayesema Kiswahili na mtaalamu anayesema Kiingereza au Kiganda, mara nyingi hapa Kampala na mara nyingine kwenye makambi ya magharibi. Mimi si daktari wala mshauri nasaha. Ninachokijua ni yale mtu wetu anayokutana nayo tangu anapopiga simu ya kwanza mpaka usiku anaolala bila kuota moto.

Siku hizi naulizwa sana swali moja: "Nimesikia kuna tiba ya kufuata kidole kwa macho, kiwewe kinaisha. Inapatikana wapi?" Tiba hiyo ipo, na ni ya kweli. Wataalamu wanaiita kwa herufi nne, EMDR, na ukizitaja herufi hizo hospitalini utaeleweka. Lakini kidole ni sehemu ndogo ya kazi yenyewe, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kliniki moja mjini, sitaitaja, iliniita nimtafsirie kijana aliyekimbia kutoka Beni, mashariki mwa Kongo. Hata dakika kumi hazikuisha, kabla hajaulizwa analala wapi wala kama amekula, aliambiwa aikumbuke siku ile na afuate vidole. Akafuata. Akaanza kutetemeka, macho yakawa wazi lakini yeye hakutusikia tena. Hakuna aliyekuwa amemfundisha njia ya kurudi. Alitoka akishikilia ukuta, na hakuonekana tena pale. Mimi nilinyamaza, nikidhani mwenye cheti ndiye ajuaye. Kunyamaza kule bado kunaniuma, na mengi ya maelezo haya yametoka hapo.

Hatua ya kwanza: jiulize kama ni kiwewe

Baada ya vita, ajali ya barabarani, kubakwa, kuteswa au kumwona mtu akifa, karibu kila mtu huvurugika. Usingizi unakimbia, chakula hakipiti, moyo unapiga mbio. Kwa wengi mambo hayo hupungua yenyewe katika wiki chache, hasa wakiwa na watu na mahali salama pa kulala. Angalia zaidi kinachobaki baada ya mwezi mmoja: ndoto zilezile, tukio kurudi kama linatokea sasa hivi, kukwepa barabara fulani au watu fulani, kushtuka boda inapopiga mlio nyuma yako, au moyo kufa ganzi hata kwa watoto wako mwenyewe.

Watu wetu husema "niko na mawazo mingi", au "kichwa inachemka". Ukifika kwa mganga wa kituo sema hivyo, kisha uongeze lini ilianza, inakuja mara ngapi kwa wiki, na inakuzuia kufanya nini. Maneno "mawazo mengi" peke yake yataishia kwenye panadol.

Yapo mambo mawili yasiyosubiri miadi. Mtu anayewaza kujiua apelekwe hospitali ya karibu leo hii, na asiachwe peke yake njiani. Aliyebakwa afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufanya kazi ndani ya muda huo tu, na zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Fomu ya polisi inaweza kujazwa baadaye, matibabu yasiingoje. Mtoto akiwa hatarini, namba ya msaada kwa watoto, 116, iitwayo Sauti, hupigwa bila malipo.

Hatua ya pili: jua mlango wa kugonga

Anza karibu. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu au ya nne kinaweza kuandika barua ya rufaa, na ukiwa kambini mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT, anajua ni siku gani mganga wa akili anakuja. Juu yake ziko hospitali za rufaa za mikoa: wakimbizi wa kambi za Nakivale na Oruchinga huelekea Mbarara, wa Rwamwanja na Kyaka II Fort Portal, wa Kyangwali Hoima, wa Bidibidi Yumbe, wa Imvepi na Rhino Camp Arua.

Hapa Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955. Najua jina hilo linavyotumika mitaani: mtu akikosana na jirani anaambiwa "wewe ni wa Butabika". Watu wamekaa na maumivu miaka mitano kwa kuogopa kuonekana kwenye geti lile. Nawaambia kila mara: wengi huingia asubuhi, wanamwona mganga, wanarudi nyumbani mchana. Huduma ya kawaida pale ni ya serikali, na upo upande wa kulipia kwa anayetaka.

Kwa waliopitia mateso mikononi mwa askari au waasi, kipo kituo cha ACTV, kilichoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kuwatibu walioteswa. TPO Uganda inafanya kazi ya afya ya akili na jamii tangu miaka ya 1990, na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere huunganisha msaada wa sheria na ushauri nasaha. Ila tangu misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, mashirika mengi yamepunguza watumishi au kufunga ofisi za kambini. Piga simu kwanza. Nauli ya kutoka Isingiro, wilaya iliko Nakivale, hadi Kampala si ya kuchezea.

Usishangae ukiambiwa hapo ulipofika hakuna wa EMDR. Waliofundishwa tiba hiyo ni wachache, na wengi wao wako mjini. Kukosa herufi nne si kukosa tiba. Uganda yenyewe ina historia ya kujivunia hapa: tiba ya masimulizi, ambayo mtu hulaza kamba chini kama njia ya maisha yake, akiweka maua penye mema na mawe penye mabaya, kisha akasimulia jiwe kwa jiwe, ilijaribiwa Imvepi kwa wakimbizi wa Sudan, na baadaye Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, matokeo yakachapishwa mwaka 2004 na 2008. Kule Nakivale waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, wengi wao wakimbizi wenyewe, na watu walipata nafuu. Ukipata mtu mzuri wa tiba ya masimulizi karibu nawe, mimi ningemchagua huyo kuliko kufukuzia vidole umbali wa kilomita mia tatu.

Hatua ya tatu: muulize mtaalamu kabla hujalipa

Watu wetu wanaona aibu kumhoji daktari. Wanaona ni utovu wa adabu. Lakini mtaalamu wa kweli huulizwa maswali haya na anafurahi kuyajibu. Sema kwa heshima: "Daktari, naomba kufahamu mambo machache kabla hatujaanza."

Muulize amesajiliwa wapi. Daktari ana baraza la madaktari, muuguzi ana lake, mganga wa akili asiye daktari yuko chini ya baraza la wahudumu shirikishi wa afya, na mshauri nasaha anaweza kuwa mwanachama wa Chama cha Washauri Nasaha Uganda. Akikwepa swali hili, shika njia.

Muulize alijifunzia wapi EMDR na nani anamsimamia. Chama cha Marekani cha tiba hii, EMDRIA, kinataka mafunzo ya mwanzo yawe na saa 20 za darasa, saa 20 za mazoezi na saa 10 za kusimamiwa akiwa na wagonjwa wake. Aliyehudhuria warsha ya siku mbili hotelini akapata cheti chenye muhuri mzuri bado hajaiva.

Kisha swali ninaloliona zito kuliko yote: "Tutafanya nini kabla ya kuanza kutembeza macho?" Sikiliza jibu. Akisema mtakutana kwanza kuongea historia yako, kujua una nani nyumbani, na kukufundisha namna ya kujituliza, huyo anajua kazi. Akisema "tutaanza leo hii, dakika arobaini umepona", mshukuru uondoke.

Bei uliza mapema: ni kiasi gani kwa kikao, kikao ni dakika ngapi, na ukikosa nauli wiki moja inakuwaje. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea ni la kliniki au la mtaalamu mwenyewe.

Hatua ya nne: lugha, na nani anakaa kiti cha tatu

Hapa nitakawia, maana ndipo ninapoishi. Maumivu yana lugha yake. Mtu anaweza kununua na kuuza kwa Kiganda soko zima la Owino, lakini lile neno alilopiga mama yake kelele usiku ule liko kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao Kongo, Kihunde au Kilendu. Una haki ya kuomba mtaalamu anayejua Kiswahili. Akikosekana, omba mkalimani, na umchague.

Usimlete mtoto wako akutafsirie. Nimeona binti wa miaka 13 akiambiwa amweleze daktari alichofanyiwa mama yake. Wote wawili walitoka wagonjwa zaidi. Usimlete pia jirani wa mtaa mmoja, mtu wa kanisa lako, wala mtu wa kabila mlilopigana nalo, hata kama ni mwema. Uliza kama mkalimani ameapa kutunza siri, na kama ni mwanamke au mwanamume, ukipenda mmojawapo. Mkalimani aliyefundishwa husema "niliogopa" pale uliposema "niliogopa"; hasemi "anasema aliogopa", na hapunguzi matusi wala machozi.

Tiba ya macho ina faida yake hapa. Haikulazimishi kusimulia kila kitu kwa sauti. Unaweza kuambiwa uikumbuke picha kimyakimya, mtaalamu akauliza tu "nini kimekuja?", ukajibu neno moja. Kwa aliyebakwa na hataki kulisema jambo lile mbele ya watu wawili, hiyo ni nafuu kubwa, na mimi mkalimani naingia mara chache tu.

Hatua ya tano: ielewe tiba yenyewe

Iligunduliwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini, akagundua kwamba mawazo yaliyomsumbua yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Akalijaribu kwa watu 22 na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka kati ya tiba zinazopendekezwa kwa kiwewe, kwa wakubwa na kwa watoto.

Kwa nini inafanya kazi? Wanasayansi hawajakubaliana. Maelezo yanayoungwa mkono na wengi ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mawili kwa pamoja: ukiwa umeishika picha mbaya huku macho yanafuata kitu kinachokwenda, picha inakosa nafasi, inafifia na kupungua uchungu, na hivyo hivyo ndivyo inavyorudi kuhifadhiwa. Wapo wanaosema macho hayaongezi kitu, kinachoponya ni kulikabili jambo ukiwa salama. Mjadala huo haukuzuii kupona. Si kulogwa, wala si kulazwa usingizi: uko macho muda wote, unajua uko wapi, na ukiinua mkono kazi inasimama.

Ina sehemu nane. Kwanza historia yako. Pili maandalizi, ambayo kwa watu waliopitia mengi yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Hapo unafundishwa kupumua, kutaja vitu unavyoviona chumbani ili urudi hapa ulipo, na kutafuta mahali pa utulivu akilini. Upo pia mkumbatio wa kipepeo, uliobuniwa Mexico baada ya kimbunga cha mwaka 1997: unapishanisha mikono kifuani, unajigonga taratibu, bega la kulia, bega la kushoto, huku unapumua. Kwa kujituliza, huo unaweza kuufanya nyumbani hata leo. Lakini kufukua tukio kubwa peke yako, chumbani, kwa kufuata video ya simu, usifanye.

Sehemu zinazofuata nitazionyesha kwa mama mmoja wa makamo kutoka Masisi, Kongo. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha asitambulike. Vikao vitatu vya kwanza hawakugusa tukio kabisa. Mahali pake pa utulivu alichagua kanisa, kisha akakumbuka kanisa lilichomwa, wakaliacha. Akachagua malisho ya asubuhi, ukungu ukiwa chini, ng'ombe wanapumua moshi. Alipoweza kufika huko na kurudi mwenyewe, ndipo mtaalamu akasogeza kiti. Hakukaa uso kwa uso naye. Alikaa pembeni kidogo, viti vikiwa vimepishana.

"Mama, katika siku hiyo yote, picha gani moja inauma kuliko zote?"

"Mlango."

"Mlango huo unasema nini juu yako wewe?"

Akanyamaza muda mrefu. "Kwamba sikuufunga vizuri. Ni mimi niliwaua."

"Na ungependa uweze kuamini nini?"

"Kwamba hata ningeufunga mara kumi, wangeuvunja."

Akaulizwa anaamini hilo kiasi gani, toka 1 hadi 7. Akasema 2. Uchungu ni kiasi gani, toka 0 hadi 10? "Kumi. Kama kuna kumi na tano, andika kumi na tano." Unakaa wapi mwilini? Akashika koo.

Vidole viwili vikaanza kwenda, kulia, kushoto, kama nusu dakika, mara ishirini na kitu. Vikasimama. "Vuta pumzi. Nini kimekuja?" "Kitasa." "Haya, nenda nacho." Vikaenda tena. "Mvua." Tena. "Walikuwa wengi. Sikujua kwamba walikuwa wengi vile." Hapo alilia, na mtaalamu hakumzuia wala hakumhubiria, alisema tu, "Niko hapa, mama, yamepita, tazama hapa." Mtu mwenye shida ya macho hupigwapigwa viganjani au husikilizishwa mlio kulia na kushoto, kazi ni ileile.

Siku ile walifunga uchungu ukiwa 4, na hawakumwachia aondoke hivyo. Walirudi malishoni, kwenye ukungu, mpaka pumzi ikakaa. Kikao kilichofuata kilianza kwa kuuliza ile namba imekaaje. Katika kikao cha tatu cha vidole alisema, "Mlango uko mbali sasa. Kama nauona kutoka ng'ambo ya barabara." Namba ilifika 1. Ile imani mpya ikapimwa tena, ikawa 6; wakaitia nguvu. Kisha akaambiwa apitishe akili mwilini toka kichwani hadi miguuni, kuona kama kuna palipobaki pamekaza. Koo lilikuwa limelegea.

Hayo ndiyo makali ya tiba hii inapofanywa vizuri. Kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 12, mara moja au mbili kwa wiki, kila kimoja dakika 60 hadi 90. Aliyeishi kwenye vita tangu utotoni atahitaji zaidi.

Mwambie mtaalamu mapema kama una kifafa, ujauzito, ugonjwa wa macho, kama unasikia sauti zisizosikiwa na wengine, kama huwa unapotea kwa dakika bila kujua ulikuwa wapi, kama unakunywa waragi ili ulale, au unatumia dawa za usingizi. Na kama anayekupiga bado mnalala nyumba moja, usalama wako ndio unaotangulia. Kitu ambacho bado kinaendelea hakiwezi kuzikwa.

Hatua ya sita: siku ya kikao na siku zinazofuata

Kula kabla. Nenda na mtu wa kukusubiri nje kama unaye, na usiendeshe boda yako mwenyewe kurudi. Usipange kikao saa moja kabla ya kufungua kibanda chako sokoni. Kwa siku mbili tatu unaweza kuota zaidi, kukumbuka vipande vipya, kuchoka kama uliyelima. Hilo ni la kawaida, akili bado inapanga vitu. Yaandike kwa mstari mmoja mmoja, ufanye mkumbatio wa kipepeo, upeleke daftari kikao kijacho. Ikizidi, piga simu. Mtaalamu mzuri atakuwa amekuambia umpigie nani na saa ngapi.

Kikao kwa njia ya simu kinawezekana, na kimewasaidia walio mbali. Shida ni nyumba zetu. Kwenye muzigo wa chumba kimoja ukuta unasikia kila kitu, na bando linaweza kuisha ukiwa katikati ya kuukumbuka usiku ule. Tafuta chumba cha kanisa, cha msikiti au cha shule baada ya masomo, weka bando la kutosha, na mkubaliane mapema mtafanya nini mtandao ukikatika.

Kuna woga mmoja ambao watu huninong'oneza korido: "Nikipona, kesi yangu ya kupelekwa nchi ya tatu itakufa?" Naelewa unakotoka. Lakini yaliyokupata hayafutiki kwa sababu umeanza kulala. Yameshaandikwa, na ripoti ya tiba huandika yote mawili, yaliyotokea na msaada uliopata. Ila kama una mahojiano ya ukimbizi au ushahidi mahakamani hivi karibuni, mwambie mtaalamu na mwanasheria wako kabla ya kuanza, kwa sababu kumbukumbu iliyoshughulikiwa inaweza kupoteza ukali na baadhi ya picha. Waache wapange maelezo yako yachukuliwe kwanza.

Ukifika kikao cha nne au cha tano cha vidole na namba haijasogea kabisa, sema. "Daktari, naona tumesimama." Huenda picha iliyochaguliwa siyo yenyewe, huenda maandalizi yalikuwa mafupi, huenda wewe ni mtu wa masimulizi zaidi kuliko macho. Kubadilisha tiba au mtaalamu ni haki yako. Ukihama, omba muhtasari ulioandikwa: mliyoyashughulikia, namba zilipoanzia na zilipofikia, na yaliyobaki. Uweke pamoja na kitambulisho chako, ili huko uendako usianze tena kuhadithia mlango ule toka mwanzo.